Maua ya Kipupwe

Sakitu haifiki Handeni. Niliijua ujanani mwangu, nilipopelekwa kufundisha Njombe mwaka 1984. Asubuhi moja ya mwezi wa Juni nilifungua mlango nikaona majani yote ya uwanjani yamefunikwa na kitu cheupe mfano wa chumvi iliyosagwa, nikadhani mtu amemwaga majivu. Mwenyeji wangu alicheka, akanichukua hata shamba lake la viazi lililokuwa bondeni. Majani yaliyokuwa mabichi jana yake yalikuwa yamelala chini, na jua lilipoyapiga yaligeuka meusi kama yaliyopitiwa na moto. Viazi vyake vingine, vilivyokuwa juu ya kilima, hatua kama mia mbili kutoka hapo, havikupata dhara lolote. Baadaye nilisoma sababu yake: usiku usio na mawingu wala upepo ardhi hupoteza joto lake likapaa juu, na hewa iliyopoa, kwa kuwa ni nzito, huteremka kama maji ikatuama mabondeni. Tangu siku ile niliweka moyoni kwamba baridi ni adui wa mimea, na kwamba kazi yake ni kuua na kudumaza. Niliishi na imani hiyo zaidi ya miaka thelathini, nikarudi nayo kwetu Handeni nilipostaafu.

Kwetu baridi huja kwa adabu. Masika huisha mwezi wa Mei, upepo wa kusi hushika njia, na usiku mmoja mtu huamka saa tisa akapapasa kitandani kutafuta shuka ya pili. Hicho ndicho kipupwe chetu. Mji wa Handeni umekaa juu ya usawa wa bahari kwa karibu mita 700, na Korogwe, mji jirani ulio kando ya mto Pangani, kwa kiasi cha mita 300 tu; kwa hiyo msafiri atokaye Korogwe jioni kwa shati jepesi hushuka garini Handeni akijikunyata. Ukutani pa baraza langu pana kipima joto nilichopewa na wanafunzi wangu siku ya kuniaga. Katika mwezi wa Julai hushuka alfajiri hata nyuzi 16, na mara chache 15. Mtu wa Njombe akisikia nyuzi hizo zikiitwa baridi hucheka, na ana haki ya kucheka. Walakini mimea haicheki. Upungufu mdogo huo watosha kuibadili bustani nzima mwenendo wake, na hilo mimi sikulijua mpaka mambo yaliponilazimisha kulitazama.

Mbele ya nyumba yetu pana mwembe. Marehemu baba alikuwa karani katika shamba moja la mkonge karibu na Korogwe, na mwaka 1979 alikuja nyumbani kwa likizo na kokwa ya embe dodo imefungwa ndani ya leso. Alikuwa ameila embe hiyo garini, akaona kwamba kokwa ya embe ya utamu ule haitupwi. Mama ndiye aliyeipanda, na mama ndiye aliyeutunza mche wake. Msomaji anayeijua Handeni anafahamu maana ya kutunza mti kwa maji katika wilaya ile. Hata baada ya kulazwa lile bomba kuu la miaka ya 1970, liletalo maji ya mto Pangani kutoka upande wa Korogwe, mabomba ya mjini yalikuwa yakikauka majuma mazima, na wanawake wakiamka usiku kwenda kupanga ndoo. Katika maji hayo ya kugombewa mama aliutengea mwembe fungu lake: yaliyooshewa mchele, yaliyosuuziwa vyombo, na yale ya udhu ambayo baba alitawadhia penye shina kwa amri yake. Mti ukakua, na tangu mwaka 1987 ukazaa kiasi cha kutuelemea, maana hatukuweza kula maembe yote, wala hakuna anunuaye embe wakati ambapo kila mtu anazo.

Nilipostaafu, mwaka 2019, nilitaka ionekane kwamba mwana aliyesoma amerudi. Nilijenga bafu na jiko la nje, nikachimba mfereji, nikauelekeza kwenye shina la mwembe ili maji yote ya kuogea na ya kufulia yaende huko yenyewe. Mama hakuacha kubeba beseni lake hata hivyo. Alisema maji ya mferejini hayana mkono wa mtu. Akaongeza na samadi ya mbuzi. Mwembe ulinawiri ajabu. Ulikuwa na kivuli cha giza mwaka mzima, na kila baada ya miezi michache ulitoa majani machanga yenye rangi ya shaba. Lakini haukutoa maua. Mwaka 2020 tulipata maembe ya kuhesabika kwa vidole. Mwaka uliofuata hatukupata, wala uliofuata huo. Mama alisema mti umechoka, akazidisha maji. Mimi nilisema mti umezeeka, nikaanza kuupimia bei.

Mwezi wa Mei mwaka 2024 mama, akiwa na umri wa miaka 82, alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Ulikuwa ugonjwa wa moyo. Nilimpeleka Korogwe, kwa mdogo wake, kwa sababu matibabu yalimtaka ahudhurie hospitali kila juma, na njia ya kilomita 65, ingawa sasa ni ya lami, si ya kumtaabisha nayo mgonjwa wa umri wake kila juma. Pensheni yangu ni ya mwalimu. Dawa zilikula akiba, kisha zikaanza kula deni. Ndipo alipokuja jirani mmoja achomaye matofali, akauzunguka mwembe mara mbili mikono nyuma, akaniambia: "Mwalimu, hapa pana kuni za tanuri zima. Nakupa laki moja na nusu." Nilizipokea siku ile ile. Sikumwuliza mama. Nilijiambia kwamba mgonjwa hasumbuliwi. Ukweli ni kwamba nilijua jibu lake.

Tulipatana aukate matofali yake yatakapokuwa yamekauka.

Nikabaki peke yangu na bustani ya mama. Kila jioni alinipigia simu, na baada ya salamu alianza kuniuliza habari za mimea, mmoja mmoja kwa zamu yake, kabla hajauliza habari zangu. Mrehani je? Mchaichai je? Asumini inachanua? Mara za kwanza nilijibu ovyo ovyo kwamba yote ni mizima. Aliligundua jambo hilo upesi, akaanza kuniuliza maswali ambayo mtu asiyetoka nje hawezi kuyajibu: jani jipya la mgomba wa tatu limekunjuka kiasi gani, papai la chini limeanza kupata njano upande gani. Kwa hiyo nikawa natoka kila jioni, kama mtoto wa shule aliyepewa kazi, nikitazama ili nipate cha kujibu. Mwishoni, sikuzote, aliuliza: "Na mwembe?" Nami nilijibu: "Upo, mama." Neno hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa uongo.

Mwezi wa Juni ulipoingia kati niliona niliyotazamia kuyaona. Asumini, ambayo mama huchuma vikonyo vyake magharibi kwa kutia chumbani, ilipunguza maua hata siku nyingine yalikuwa matatu au manne, na harufu yake ikawa ya kuinamia. Jani la mgomba lililokuwa likikunjuka kwa juma moja lilitaka majuma mawili. Papai la chini lilikaa kijani mpaka nikachoka kulitolea habari, na lilipoiva hatimaye lilikuwa na ladha ya boga bichi, kwa kuwa papai huhitaji joto ili lifanye sukari yake. Mchicha ulidumaa. Niliyaona hayo nikatikisa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa maoni yake: baridi ni ile ile, iwe Njombe, iwe Handeni.

Lakini pembeni mwa ua mlikuwa na mambo mengine. Mshubiri alioupanda mama kwa ajili ya dawa, ambao kwa miezi mingi ulikaa kama kitu kilichosahauliwa, ulisimamisha vijiti vya maua mekundu, na ndege chozi wakaja tangu alfajiri, wadogo kuliko kidole gumba, wakiningʼinia kichwa chini kufyonza. Kisha kile kichaka cha poinsetia kilianza kubadilika. Kiliharibu hesabu zangu zote. Asili ya kichaka hicho ni Meksiko. Jina lake latokana na Joel Poinsett, aliyekuwa balozi wa Marekani huko katika miaka ya 1820, na Wamarekani hukipamba majumbani wakati wa Krismasi kwa kuwa ndio wakati kinapokuwa chekundu kwao. Chetu hukaa kijani wakati wa Krismasi, kikawa chekundu Juni na Julai. Wekundu wenyewe si maua bali ni majani ya juu. Maua ni vijipunje vya manjano vilivyo katikati, ambavyo hakuna avitazamaye.

Sababu ya jambo hilo ni urefu wa usiku. Mmea huo hungoja usiku uwe mrefu, na usiku mrefu wa kaskazini ni wa Desemba, wa kusini ni wa Juni. Sisi wa Handeni tuko kusini ya ikweta kwa nyuzi tano na ushei tu. Tofauti ya mchana wetu mrefu kupita wote na ule mfupi kupita wote haifiki dakika 40. Nani kati yetu amewahi kuhisi dakika hizo? Kichaka kinazihisi. Na zaidi ya hayo niliona jambo ambalo nilimpigia mama simu mwenyewe kumwambia, nisingoje zamu yake: upande wa kichaka ulioelekea taa ya baraza, ambayo huwaka usiku kucha kwa kuhofia wezi, ulibaki kijani kitupu, na upande wa pili ulikuwa mwekundu kama damu ya kuku. Taa ilikuwa imekidanganya nusu yake kwamba jua halijatua. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Izime, mwanangu. Wezi wetu wamekwisha zeeka." Niliizima. Kwa mwezi mzima baadaye upande ule nao ulianza kuiva.

Kila Jumamosi ya pili nilikwenda Korogwe kumwona. Njia ile naijua tangu utotoni, lakini sasa nilikaa dirishani nikitazama kama mgeni. Kwenye miamba iliyo upande wa Sindeni kuna mti mfupi wenye shina nono mfano wa mtungi. Utomvu wake ni sumu ambayo wawindaji wa zamani walipaka mishale. Katika mwezi ule wa ukavu haukuwa na jani hata moja, na ulikuwa umejaa maua ya rangi ya waridi toka chini hata juu, katikati ya nyasi zilizokufa. Tukikaribia Korogwe yalianza mashamba ya mkonge, na milima ya Usambara ikasimama nyuma yake na mawingu kichwani. Huko ndiko Baroni Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani, alikoona mwaka 1892 kijimea chenye maua ya zambarau kikiota kwenye majabali ya kivuli, akapeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 kikapewa jina la Saintpaulia, na ingawa tangu mwaka 2015 wataalamu wamekitia katika jamii nyingine, watu wa Ulaya na Marekani bado wanakiweka madirishani, kikachanua wakati theluji imefunika nje. Hivyo kijimea cha Usambara huchanua katika baridi yao, na kichaka cha Meksiko huiva katika kipupwe chetu. Nilimweleza mama mambo hayo nikiwa nimekaa pembeni mwa kitanda chake. Alisikiliza, akasema kwamba maua nayo yana maisha ya mtumishi wa serikali, hupelekwa asikokutaka.

Mkonge nao ni mgeni. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche yake kutoka Florida, na iliyofika hai ni 62 tu. Mashamba yote ya Tanga tuliyoyajua, na mshahara wa baba yangu ndani yake, yalitokana na hiyo. Mche wa mkonge hukaa miaka mingi ukitoa majani matupu. Kisha siku moja husimamisha mlingoti mrefu kuliko nyumba, hutoa maua yake mara moja, huangusha watoto wake chini, hufa. Dirishani pa chumba alicholala mama palionekana milingoti mitatu ya namna hiyo. Siku moja nilimkuta akiitazama. Hakusema neno, nami sikumwuliza alilokuwa akiliwaza.

Nilirudi Handeni Jumapili ile, ikiwa mwishoni mwa Julai. Kwa kuwa mwembe nilikwisha kuuuza, nilikuwa nimeacha kuushughulikia. Mfereji ulijaa majani makavu na mchanga, sikuuzibua. Maji yangu machache, maji ya mtu mmoja, nilikuwa nikiyamwaga popote. Kwa wiki tisa mti haukuwa umeonja hata beseni moja. Nilipofungua lango niliona ncha za matawi zina kitu chekundu chekundu, nikafikiri ni yale majani machanga ya siku zote. Kulipokucha nikasogea. Hayakuwa majani. Yalikuwa mashada ya maua, kila ncha na shada lake, mamia kwa mamia, toka matawi ya chini yanayogusa paa la jiko hata kileleni. Katika siku sita mti ule wa giza ukawa wa rangi ya asali, ukanuka harufu nzito ya utamu uliochanganyika na uchachu kidogo, na nzi na nyuki wakauvumisha tangu asubuhi mpaka adhuhuri hata mtu aliyekaa barazani aliweza kudhani kuna mashine inasaga mbali.

Mtu angefikiri nilifurahi. Sikufurahi. Mzee mmoja wa mtaa alisimama langoni akautazama muda mrefu, akasema: "Mti mkongwe ukichanua hivi, mwalimu, unaaga." Sikumjibu. Nimefundisha watoto miaka thelathini na mitano kwamba mambo yana sababu zake, na kwamba bundi ni ndege. Lakini juma lile lile mama alizidiwa, akalazwa, na nilipokuwa nikingoja simu usiku, harufu ya maua yale ikiingia kwa dirisha, niliikumbuka milingoti mitatu ya mkonge, nikaona kwamba elimu yangu ni shati jepesi mno kwa baridi ya namna ile.

Siku ya tatu nilimpigia mtu mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye sasa ni afisa kilimo. Nilimweleza yote, isipokuwa habari ya kuuuza. Akaniuliza swali moja tu: "Shikamoo mwalimu, samahani, maji bado unaumwagia?" Nikamwambia sina aumwagiaye, aliyekuwa akiumwagia ni mgonjwa. Akasema: "Basi ndiyo sababu umechanua."

Alinieleza, na baadaye nilisoma mwenyewe nikaona ni kweli. Ncha ya tawi la mwembe inaweza kutoa majani na inaweza kutoa maua, na kinachoamua ni hali inayoukuta mti. Penye joto na maji hutoa majani. Penye baridi, au palipo na ukavu wa kutosha kulipumzisha tawi likakomaa, hutoa maua. Katika majaribio ya wataalamu, miembe iliyowekwa mahali penye nyuzi 30 mchana na 25 usiku ilitoa majani, na ile iliyowekwa penye nyuzi 15 mchana na 10 usiku ilitoa maua. Tena ni jani ndilo linaloipokea habari ya baridi na kuipeleka kwenye ncha. Tawi lililonyang'anywa majani yake halijui kwamba kipupwe kimefika. Handeni haina baridi ya nyuzi 10, lakini ina kipupwe cha kutosha kwa mti uliopumzika. Wetu haukuwa umepumzika. Kwa miaka minne maji ya mfereji wangu na samadi ya mama viliusukuma utoe majani, na kila kipupwe kilipokuja kuuita kilikuta matawi yake yote bado ni machanga. Haukuzeeka, wala haukuchoka. Ulikuwa ukisumbuliwa na watu wawili waliotaka ustawi, na mmoja wao alikuwa amekwisha kuuza shingo yake.

Jambo lililonipa taabu zaidi katika habari hiyo halikuwa kosa langu. La kwangu lilikuwa wazi, nami nililijua tangu siku nilipopokea fedha. Lililonipa taabu ni kwamba mti ulichanua kwa sababu mama hayupo.

Matofali ya jirani yangu yalikuwa yamechelewa. Umande wa usiku na mawingu ya asubuhi viliyaweka mabichi majuma mawili zaidi ya alivyotazamia, na bila hivyo angeukata mti mwezi wa Julai mwanzoni, kabla haujaonyesha hata ncha moja. Nilimwendea kabla hajanijia. Fedha zake nilikwisha kuzitumia. Alinisikiliza akiwa anageuza matofali, akasema kwa upole: "Mwalimu, maua si maembe." Alisema kweli, nami sikuwa na hoja. Tulikubaliana achukue mijohoro miwili iliyokuwa nyuma ya nyumba, niliyoipanda mwenyewe likizoni katika miaka ya 1990, na nimwongeze shilingi elfu hamsini mwisho wa mwezi. Nadhani alipata hasara kidogo. Aliikata siku iliyofuata, na mpaka leo jua la alasiri linaingia chumbani kwangu bila kizuizi.

Katikati ya Agosti palikuwa na asubuhi nne za ukungu zilizofuatana. Siku ya tano niliamka nikaona mashada ya mwembe yamepakwa kitu cheupe. Kwa nukta moja nilikuwa kijana tena Njombe, mlangoni, nikitazama majivu. Lakini kipima joto kilisoma nyuzi 17, na weupe ule haukuyeyuka jua lilipotoka. Ilikuwa ubwiri unga, ukungu upendao usiku wa ubaridi na umande, ule ule ambao wakulima wa korosho wa Mtwara hupambana nao kila kipupwe kwa salfa. Baridi iliyoleta maua ilikuwa imewaleta na walaji wake. Nilinunua salfa kilo moja, nikaitia katika mfuko wa kitambaa chepesi, nikaufunga kwenye ncha ya mti mrefu, nikazunguka alfajiri nikiutikisa juu ya matawi, vumbi likinirudia machoni. Matawi ya chini niliyaokoa. Ya juu sikuyafikia. Mashada yake yaligeuka meusi yakapukutika, na kwa siku kadhaa nilifagia uwanjani maua yaliyokufa kwa karai. Mtaalamu wangu alinituliza kwamba hata mwaka wa heri shada moja lenye maua elfu halileti zaidi ya embe moja au mbili. Sikujua hilo katika miaka yote niliyokula embe.

Mama aliruhusiwa mwezi wa Septemba. Nilimleta kwa gari la kukodi, amekaa mbele, miguu imepungua uvimbe, kanga ya mdogo wake mabegani. Tulipofika hakuingia ndani. Aliomba kiti, akaketi chini ya mwembe, akainua macho. Matawi ya chini yalikuwa na maembe ya ukubwa wa ndimu, yamening'inia kwa vikonyo virefu, machache kwa idadi lakini yakaonekana mengi kwa kuwa hatukuwa tumeyaona muda mrefu. Aliyahesabu kimoyomoyo, niliona midomo yake ikienda. Kisha akageuza kichwa upande wa nyuma ya nyumba, ambako mwanga ulikuwa mwingi kuliko alivyouacha.

"Na mijohoro?"

Nilimweleza. Nilianza na mijohoro, nikarudi kwenye matofali, nikarudi kwenye laki moja na nusu, na hapo ndipo ilipopasa kuanzia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema neno moja: "Ungeniuliza." Baadaye kidogo akauliza: "Na huu, nani alikuwa akiumwagia maji?"

"Hakuna, mama."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Hakuniuliza maana yake, nami nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za majani na ncha na nyuzi 15, lakini sikuona pa kuanzia. Alikaa chini ya mti mpaka magharibi. Usiku ule nilimsikia akikohoa, kisha akinyamaza, kisha akifungua dirisha.

Asubuhi nilitoka nikamkuta uwanjani amekwisha kuosha vyombo, ingawa daktari alimkataza kuinama. Amebeba beseni kwa mikono miwili. Alikuwa amefika nusu ya njia, penye mfereji uliozibika, baina ya mwembe na migomba, akasimama. Aliponiona aliliinua beseni kidogo, kama anionyeshaye, maji yakacheza ukingoni.

"Haya," akasema, "niyamwage wapi?"